Nilivyokwenda Nampula Kumchukua Mjomba

Tangu nirudi sipiti mahali nisiulizwe. Sokoni Newala naulizwa, kanisani naulizwa, na ofisini kwa walimu ndiko hakuna hata aibu: madaftari yanasukumwa kando, chai inamiminwa, na mtu anavuta kiti kabisa. Kila mmoja nimemsimulia kipande, na sasa nasikia vipande hivyo vinatembea vikiwa vimeota mikia. Kuna anayesema nililala juu ya mti kwa kuogopa simba. Simba sikumwona. Basi nimekaa chini niandike mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome. Habari za kutafuta vibali sitaziandika, zilinichosha wakati ule na sina haja ya kuchoka nazo mara ya pili.

Makote hadi Lisekese

Wengine hamjui hata nilifuata nini. Binti yangu Agnesi ameposwa na kijana wa Masasi, mtoto wa watu wanaojulikana, na posa ililetwa kwa adabu. Mimi nimeolewa Makote kwa Wamakonde, lakini ni Mmakua wa Masasi, na kwetu, kama ilivyo kwa Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anamlisha na kumsomesha, lakini mwenye neno ni mjomba. Mjomba ndiye anayekaa mkekani siku ya kujibu posa, na nyumba ya binti ikitikisika ndiye anayepigiwa hodi. Mama yangu alizaa wawili tu, mimi na kaka yangu Barnaba, na ndugu zake wa kiume wote wamekwishatangulia. Kwa hiyo Agnesi ana mjomba mmoja, na mjomba huyo alikuwa hajulikani alipo.

Barnaba alikuwa fundi baiskeli pale Mkomaindo, Masasi. Vita vya Msumbiji vilipokwisha, na huku kwetu biashara ikiwa ruksa, alifunga vipuri nyuma ya baiskeli yake akavuka Ruvuma. Mwanzo alituma salamu kwa wachuuzi: yuko Nampula, mzima, kazi ipo. Halafu salamu zikakatika. Tulijiambia ameoa huko na amenogewa.

Mume wangu, Baba Agnesi, ni mtu mpole na hapendi mtu apate taabu. Aliniambia, "Mama Agnesi, padri yupo, mimi nipo, bibi yake yupo. Tumtafute mzee yeyote wa kwenu akae mkekani, mambo yaishe."

"Mzee yeyote atakula pilau yake ataondoka," nikamwambia. "Mtoto akipata shida miaka mitano ijayo, huyo yeyote utampata wapi?"

Akaacha kubishana, maana mke wake anamjua. Watu wa upande wa kijana nao walikuwa na haki yao. Kijana amepata kazi Songea na alitakiwa kuondoka likizo ya Juni ikiisha, naye hakutaka kwenda huko peke yake. Walisema watangoja mpaka hapo, na baada ya hapo wasilaumiwe. Shule ilipofungwa tu, nikafunga mzigo wangu.

Nilianza kwa kwenda Lisekese, kwetu Masasi, kumuaga mama. Nilimkuta barazani anabangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamua?"

"Nimeamua."

Akaendelea na karanga zake, kisha akasema, "Ukifika kule usiulize kwa jina la kanisani. Sema sisi ni Wamirole."

Nikaitikia ndiyo mama, kwa namna ile mtu anavyomwitikia mzazi huku akifikiria nauli. Sisi watoto wa misheni tumekua na majina ya watakatifu. Ukoo wa kimama, ule Wamakua wanaouita nihimo, kwetu ulikuwa jambo la bibi jikoni. Baba yangu katekista hakupenda kulisikia mezani. Kwa hiyo neno lile la mama nililiacha palepale barazani, na huko mbele lilinigharimu siku nzima ya kuzunguka juani.

Kuteremka hadi Ruvuma

Nilirudi Newala, na kutoka hapo nikateremka uwandani pamoja na wachuuzi wanaopeleka sabuni na chumvi ng'ambo. Kiongozi wao alikuwa Mama Saidi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye aliuangalia mwavuli wangu na viatu vyangu vya ualimu akaniuliza kama huko tunakokwenda kuna semina. Nilivua viatu kabla hatujafika nusu ya mteremko, naye akacheka kwa mabega.

Mtoni tulikaa tangu asubuhi hadi jua likalala upande wa pili, kwa sababu viboko walikuwa wamejaa mahali pa kuvukia na mwenye mtumbwi hakutaka kuwasumbua. Nilimwambia nina safari ya haraka. Akasema, "Mwalimu, kawaambie wao." Wachuuzi walichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo Juni hatuishi kuila, na tukaila na chumvi ya Mama Saidi aliyoitoa kwenye mali yake ya kuuza. Nilifunga iliyobaki katika kitambaa. Viboko walipojisikia kuondoka, tukavuka.

Ng'ambo ile, jambo la kwanza Mama Saidi alilofanya ni kunishika mkono. Utani wote ukamtoka. Akanionyesha njia nyembamba katikati ya majani na kuniambia kwamba vita vimekwisha juu ya ardhi, chini bado. "Kanyaga ninapokanyaga. Ukibanwa na haja, jisaidie njiani, tutageuka. Kichakani usiingie." Nilitembea nikiziangalia nyayo zake tu, na hata leo nikifumba macho naziona, kisigino cha kushoto kina ufa. Mwanamke yule alinijua kwa siku mbili, na siku hizo zote alitangulia yeye.

Mueda

Mueda niliokolewa na Kimakonde cha ukweni. Lori la kwenda kusini lilikuwepo, lakini lilikuwa limekaa juu ya mawe, gurudumu moja halipo, na dereva alisema gurudumu linakuja. Lilitoka wapi na lilikuja kwa mwendo gani sikuelezwa.

Mzee mmoja mwenye chale usoni alinikuta nimekaa juu ya mzigo wangu karibu na lori. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia ni Mmakua, nimeolewa na Mmakonde wa Newala. Akawaita wenzake. "Njooni mmwone Mmakua aliyeshindwa kupika kwao, akaja kutuharibia mboga." Nikamjibu kwamba niliolewa kwa huruma, maana Mmakonde niliyemkuta alikuwa anakula mihogo mibichi. Wakacheka sana, na tangu hapo nikawa mtani wa kijiji kizima. Mzee alinipa banda lake nilale, mkewe akaniletea ugali wa muhogo na kisamvu, na kila jioni nilipotaka kujua habari za gurudumu walinitukana kwanza ndipo wakanijibu.

Nilikuwa nahesabu likizo yangu inavyopungua. Nilimwambia dereva kwamba kama gurudumu halitafika nitakwenda kwa miguu, na nilikuwa nimekwishafunga kanga kiunoni aliponiamini. Sijui kama ni mimi au ni bahati, lakini gurudumu lilifika siku ile.

Juu ya magunia

Kutoka Mueda hadi Nampula nilikaa juu ya magunia ya makopa, ile mihogo mikavu, na unga wake uliingia mpaka masikioni. Lori liliharibika kabla ya Montepuez na likaharibika tena baada yake. Kila liliposimama, watu wa vijiji vya karibu walitokea na kibuyu cha maji au mhindi wa kuchoma, kwanza kwa wenye watoto, kisha kwa wazee, kisha kwangu, kwa kuwa mimi nilionekana mgeni. Nchi hii ilikuwa imetoka kula mizizi kwa miaka mingi, na bado mtu alivunja mhindi wake katikati. Nilikuwa naona haya kupokea, lakini njaa haina haya, nikapokea.

Nampula, siku ya kwanza

Nampula ni mji hasa. Kuna barabara pana zenye miti, kanisa kubwa, stesheni ya reli, na watu wenye haraka zao. Maofisini ni Kireno kitupu, na mimi Kireno sijui hata cha kuombea maji. Lakini nilipoingia sokoni niliwasikia wauza mihogo wawili wakigombana, na nikaelewa kila tusi. Kilikuwa Kimakua cha bibi yangu. Nilisimama pale na mzigo kichwani nikacheka peke yangu, na watu wakanipisha kwa tahadhari.

Kimakua changu nacho kiliwachekesha wao. Walisema naongea kama watu wa zamani, na maneno mengine walikuwa hawajayasikia tangu bibi zao wafe. Nikaanza kazi iliyonileta. Niliuliza kila kibanda: Barnaba, Mtanzania wa Masasi, mrefu, fundi baiskeli. Mafundi baiskeli walifikiri, wakaulizana, wakatikisa kichwa. Mmoja aliacha kazi yake akanipeleka kwa fundi mwingine upande wa pili wa reli, na huyo akanipeleka kwa mwingine. Wote walikuwa wema na hakuna aliyenifaa.

Saa za alasiri nikaona mwanaume ananifuata. Nikikata kona, naye anakata. Nikiharakisha, naye anaharakisha. Nilijua miji ilivyo. Niligeuka ghafla nikamchapa mwavuli begani mara mbili, mbele za watu. Yule bwana alisimama, akajipapasa bega, kisha akanyoosha mkono wa pili. Alikuwa ameshika kitambaa changu cha ming'oko, nilichokisahau kwa fundi wa mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, nikampa ming'oko yote, naye akaionja palepale, akasema haina chumvi, akaenda zake.

Tukio hilo lilionwa na mama mmoja muuza karanga aliyekuwa anafunga meza yake. Baadaye nilijua mtoto wake wa kwanza ni Zaina, nami nikamwita Mama Zaina. Aliniita, "Wewe mwenye mwavuli. Unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Basi unalala kwangu. Lakini fimbo hiyo utaiacha mlangoni."

Hakuniuliza nimetoka wapi wala nina nini. Alinitwisha sinia lake la karanga, akanitangulia, na nyumbani kwake alinipa kitu cha kwanza anachopewa msafiri, ndoo ya maji ya kuoga, imejaa hadi ukingoni. Sasa ninyi wa Newala mnajua maji yetu. Pampu ikiharibika tunateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na mtu mzima anaoga kwa kata tatu akatoka safi. Mimi nikaoga kama nilivyolelewa, nikaifunika ndoo, na nikamrudishia maji yake zaidi ya nusu, nikiona nimefanya heshima kubwa.

Mama Zaina aliifunua, akaangalia, akaifunika. Tukala kimya, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga na nazi, kitamu mno, lakini yeye alikuwa amenuna. Mwishoni akashindwa kuvumilia. "Maji yangu yana nini?"

Nilipomweleza, hakuniamini mara moja. Alinifanya nimsimulie mteremko wote, ndoo, na jinsi tunavyonawa uso asubuhi kwa maji ya kiganja. Kisha akainuka, akachukua ile ndoo, akanikabidhi tena. "Rudi. Kwangu usibakishe hata tone." Nikarudi nikajimwagia maji yote kichwani, na moyo ulikuwa ukiniuma kwa kila kata.

Niliporudi mkekani, Mama Zaina alikuwa mwanamke mwingine. Ndipo akauliza lile ambalo mama aliniambia niseme tangu mwanzo. "Nihimo lenu lipi?"

"Mirole."

Akaweka bakuli chini. "Siku nzima unapita sokoni, Barnaba, Barnaba, fundi baiskeli, utafikiri umepotelewa na mbuzi. Kwa nini hukusema ukoo? Barnaba wa Wamirole namjua. Yupo. Anashona nguo karibu na msikiti. Lakini Ijumaa mchana usimfuate, hayuko dukani, amekwenda kuswali."

Nilifurahi mno. Kisha maneno yaliyobaki yakaniingia. Anaswali? Baba yetu alikuwa katekista, na Barnaba mwenyewe alikuwa anapiga kengele ya kanisa. Na kushona nako: kaka yangu kifungo kikikatika alifunga shati kwa pini. Lakini nikajiambia watu hujifunza, na watu hubadilika, na msikitini au kanisani mjomba ni mjomba. Hasira sikuificha hata hivyo. Nililala nikimpangia maneno.

Kwa fundi cherehani

Asubuhi Mama Zaina hakwenda kuuza karanga. Alisema sokoni patakuwepo na kesho. Njia nzima nilikuwa nikiisoma hotuba yangu moyoni: kwanza habari za mama, pili kutukalia kimya, tatu Agnesi. La dini nililiweka mwisho.

Duka lilikuwa baraza tu, cherehani moja na nguo zimetundikwa. Nyuma ya cherehani alikaa mwanaume mfupi mwenye kofia na miwani, anashona gauni la arusi. Mama Zaina akasema, "Huyu hapa Barnaba."

"Huyu siye," nikasema.

Yule mtu akainua macho. Nikamwambia samahani, ninamtafuta kaka yangu, Barnaba wa Masasi, nihimo Mirole. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kivulini, akaniomba nikae. Nilipoona anataka nikae kwanza, nikajua.

Ninyi walimu mliotoka Bukoba na Moshi niwaeleze. Kwetu mtu akifa jina lake haliachwi lianguke. Matanga yakimalizika, ukoo unakaa, anachaguliwa mtu wa nihimo lilelile, anapewa jina la marehemu na kazi zake. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu wanamwita baba, dada zake wanamwita kaka. Nimeliona jambo hilo mara nyingi Masasi. Sikutegemea kulikuta limenitangulia Nampula.

Jina lake la kuzaliwa ni Amade. Alinieleza taratibu. Homa ilimlaza hospitali, na kitanda cha pili alilala mgeni mrefu aliyekuwa hana wa kumletea uji. Mke wa Amade akawa analeta uji wa wawili. Mgeni alipoona hali yake inazidi, hakuanza kwa kutaja jina lake wala Masasi. Alisema, "Mimi ni Mirole." Amade akasema, "Hata mimi." Walikuwa hawajawahi kuonana. Kaka yangu alifariki kabla ya wiki kwisha, na Amade, hajapona vizuri, aliwaendea wazee wa Mirole walioko Nampula akawaambia kuna mtu wao amelala hospitali peke yake. Wakamchukua. Wakamwosha. Waliona msalaba shingoni, wakamwita katekista. Walituma habari Masasi kwa wachuuzi mara mbili, na hazikufika. Matanga yalipokwisha, Amade akapewa jina.

Nililia, kisha nikakasirika. Mtu niliyemfuata kwa mto na kwa lori, nikamkuta mwingine amekaa katika jina lake anashona. Nikamwambia, "Jina la kaka yangu si koti, likiachwa kitandani livaliwe na aliye karibu."

Hakukasirika. "Sikulichukua, dada. Nililikataa kwanza. Niliwaambia wazee, mtu huyu simjui, kwao sikujui, kazi zake ni zipi? Wakasema, hata sisi hatuzijui. Zitakuja."

Akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha gauni. "Tangu hapo nazingoja."

Kaburini

Alinipeleka mwenyewe, na Mama Zaina nyuma yetu. Kaburi la Barnaba liko sehemu ya Wakristo, lina msalaba wa mti mgumu, na palikuwa pamefagiwa. Mwenye kufagia nilimjua kwa jinsi Amade alivyoinama kung'oa jani moja lililoota, bila kufikiri.

Nilikaa chini nikamlilia kaka yangu kwa sauti, kwa kuwa yeyote aliyemlilia kabla yangu hakuwa wa tumbo letu. Karibu na hapo kulikuwa na wanawake watatu waliokuja kwa maiti yao. Waliniangalia kidogo, kisha wakaja wakakaa pembeni yangu wakalia nami. Hawakuuliza ni nani. Tulipomaliza, wakajikung'uta vumbi, mmoja akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, wakarudi kwenye kaburi lao. Mpaka leo sijui majina yao, na nawaombea.

Nilipoweza kusema, nikamwambia Amade, "Nina binti. Ameposwa." Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mengi, njia, mto, na mabomu yaliyozikwa.

Akaniuliza, "Lini?"

Nilimwambia siku ni chache. Akasema hawezi kuliacha gauni lile, arusi ya mwenye nalo ni Jumamosi, na mtu hawezi kuharibiwa siku yake kwa sababu ya siku ya mwingine. Nilikereka, kisha nikaona ndiye mjomba ninayemtaka. Alishona mchana kutwa na mimi nikapinda mikono ya gauni kwa sindano. Mkewe alitufungia karanga na mikate yao midogo, migumu juu, laini ndani. Mama Zaina alitusindikiza mpaka kwenye lori na akanitupia mwavuli wangu juu ya magunia.

Kurudi

Kurudi sitakusimulieni sana, mtanichoka. Lori liliharibika, Mueda walinitukana tena na kumtukana na yeye, na njiani kwenda mtoni nilitangulia mimi nikamwambia akanyage ninapokanyaga. Mtumbwi alikuwa hajawahi kupanda. Alifumba macho toka ng'ambo hadi ng'ambo akisoma dua, na mvushaji akamdai dua moja kwa ajili ya viboko.

Tulifika Lisekese zikiwa zimebaki siku mbili. Mama alikuwa barazani. Alimwitikia mgeni salamu yake, kisha akatazama nyuma yetu, njiani, akingoja mtu wa tatu. Hakuwepo. Akamrudia yule mgeni kwa macho.

"Nihimo lako?"

"Mirole, mama."

"Na jina?"

Amade alikawia kidogo. "Barnaba."

Mama hakuuliza zaidi. Alifunika uso kwa kanga akalia, na majirani wakaja mmoja mmoja, wakajua. Tuliweka msiba palepale. Barnaba mpya alikaa na wanaume usiku na mchana, akakata kuni, akachota maji, akamsimulia mama habari za uji, za kuoshwa na za msalaba, na mama akamtaka arudie, naye akarudia.

Siku ya kujibu posa ilipofika, watu wa upande wa kijana walikuja wamevaa vizuri lakini wana mashaka. Mshenga wao ni mzee mwenye adabu, akatoa pole kwanza. Kisha akasema, "Mtuwie radhi. Tumesikia mjomba wa binti amefariki. Sasa huyu aliyekaa mkekani, tumwite nani?"

Baba Agnesi akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mama.

"Mnamwita Barnaba," mama akasema. "Ni mwanangu. Yule mliyesikia amefariki tumemlilia, na tumemaliza. Mwulizeni huyu mnalotaka kuuliza."

Mshenga akageuka akamwuliza mjomba kama anawapa mtoto. Amade alimwangalia kijana kwanza, kwa muda, jinsi fundi anavyomwangalia mtu anayetaka kumpima. Akasema kwa Kimakua cha Nampula, na wazee wote mkekani wakainamisha vichwa kusikiliza.

"Nimewapa. Lakini sikilizeni. Mkimchoka msimpige, na msimtukane mama yake. Nirudishieni mimi. Ni mbali, kuna mto, na kuna mahali hapakanyagwi. Lakini mkishindwa kumleta, tumeni neno tu. Nitamfuata."

Pazia la chumba likasogea, na Agnesi, ambaye hakuwa ameitwa, akatoka, akapita mbele ya wazee wote, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo mjomba," akasema.